Cleotha Bankston, Aliyefeli kwa Makusudi

Tunayemsindikiza leo, Cleotha Bankston, alizaliwa hapa Belzoni, Mississippi, tarehe 9 Machi 1979, kitinda mimba wa marehemu Otha Bankston na Mama Luvenia, aliyeketi hapa mbele.

Alisoma shule zetu hizihizi. Mpira wa Kimarekani ukampeleka chuo kikuu, akahitimu hesabu mwaka 2001. Hesabu. Tunalitaja neno hilo kwa sauti kwa sababu wapo walioandika kwamba hakuwa na akili.

Mwaka 2002 alichukuliwa na timu ya kulipwa ya kaskazini, akawa mlinzi wa safu ya pili kwa miaka saba. Kila kiangazi makocha waliwapanga walinzi kwa ngazi na kubandika majina ukutani. Wa kwanza ndiye aliyeanza mchezo. Wa pili alingoja wa kwanza aumie. Cleotha alikuwa wa tatu. Wa kwanza akiumia, alisubiriwa apone. Wa tatu akiumia, jina lilibanduliwa kabla ya chakula cha mchana. Basi walinzi wa chini wakawa na hila yao. Kabla ya msimu kila mchezaji alipimwa akili kwenye kompyuta, ili siku akigongwa kichwa apimwe tena na alama zilinganishwe; zikishuka, anazuiwa kucheza. Wao kipimo hicho cha kwanza walikifeli kwa makusudi. Kocha wa walinzi mwenyewe alimnong'oneza Cleotha, "Usijifanye profesa leo, kijana. Ukianzia chini, hakuna atakayeona umeshuka."

Tarehe 14 Juni 2003 alimwoa Earnestine Tolliver, mpishi wa shule. Mkewe alimwuliza, "Yaani mtu mzima unaamka asubuhi kwenda kufeli?" Akacheka. "Tulia, mke wangu. Kufeli huko ndiko kunakotulisha."

Alirudi nyumbani mwaka 2009 akafundisha mpira shuleni. Kila mtoto alianza walau mchezo mmoja, hata wale wa miguu mizito. Wazazi walipiga kelele, "Kocha Clee, utatufungisha!" Naye akajibu, "Acheni tufungwe. Huyu naye bibi yake yuko jukwaani."

Mwaka 2015 alianza kupotea njia ya nyumbani. Baadaye alisahau majina ya wanawe, akalia aliposhindwa kufunga kamba za viatu. Familia iliiomba ligi ikiri kwamba mchezo ndio uliomuumiza. Ligi ikatoa alama zake za vipimo vile vya kabla ya msimu na kujibu kwamba uwezo wake ulikuwa mdogo tangu mwanzo. Mkewe alimpigia simu yule kocha wa walinzi aseme ukweli. Kocha akasema, "Earnestine, dada yangu, hayo mimi siyakumbuki."

"Huyakumbuki? Basi na wewe wakupime!"

Cleotha alifariki nyumbani kwake tarehe 3 Novemba 2024. Kocha huyo aliomba azungumze machache leo. Amekataliwa. Kama ana neno, alikuwa na miaka tisa ya kulisema.

Ubongo wa marehemu haumo katika jeneza hili. Familia imeukabidhi kwa madaktari wasiolipwa na timu yoyote. Watakachokiona kitasomwa kanisani humu, mbele yenu nyote.

Ameacha mama yake Luvenia, mjane wake Earnestine, watoto wawili Shondra na Marquel, dada yake Odessa, na vijana wote aliowaanzisha.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi bado.