Magamba Meusi ya Mgunga

Benchi letu liko chini ya mgunga mfupi, kati ya kibanda cha kinyozi na ukuta wa karakana, na anayetuuzia kahawa hapo ni Shangazi. Si shangazi wa yeyote kati yetu, ila ukimwita vinginevyo haitiki. Mgunga aliupanda marehemu mumewe. Mwaka huu umeingiwa na inzi weupe: ukigusa tawi wanatimka kama unga, na majani yanadondosha majimaji yanayonata mpaka suruali zetu zinagandia benchi. Manispaa wamesema ukikauka wanaukata, na ukikatwa Shangazi hana tena pa kuweka jiko lake. Tangu nisikie hilo, kahawa hainishuki vizuri.

— Ni vumbi la malori hili, alianza Breki, dereva mstaafu anayeogopa kuvuka barabara.

— Vumbi lina mabawa? Kinyozi akamkatiza.

— Basi ni ule mnara wa simu.

— Mnara unazaa inzi?

— Hauzai, unawaita. Wewe simu yako ikilia huitiki?

Kinyozi akashusha sauti.

— Mimi nasema ni marehemu. Hapa palikuwa pake. Tumemkalia, naye amekasirika.

Nikamkanyaga mguu, lakini Shangazi alishasikia.

— Mwache aseme, akasema. Hata mimi namwota. Haniambii kitu, ananitazama tu.

Mikono yake ilikuwa imechanwachanwa na miba. Vitoto vya inzi hao huganda chini ya majani kama magamba, vingi vyeupe, vingine vyeusi, na siku kadhaa nyuma Breki ndiye aliyekata shauri kwamba vyeusi ndio ugonjwa wenyewe. Sote tukaafiki. Kinyozi akatoa ngazi, na mswaki anaosafishia mashine zake. Basi kila alfajiri, kabla ya kuwasha mkaa, Shangazi husugua vyeusi, tawi baada ya tawi, na kuvichoma jikoni.

Baada ya kusema hayo, Shangazi akabeba vikombe kwenda kuvisuuza bombani, nyuma ya karakana. Hakuchukua muda akaja dada mmoja wa idara ya miti, ametumwa kuukagua mgunga. Akageuza jani, akalitazama kwa kioo cha kukuzia, akageuza jingine.

— Vyeusi viko wapi?

— Vyeusi gani? Breki akauliza, macho chini.

— Kuna nyigu mdogo sana, hata haumi mtu. Anataga ndani ya kitoto cha inzi. Mtoto wake anamla yule wa inzi humo humo, gamba linageuka jeusi, kisha anatoboa anatoka, anakwenda kutafuta wengine. Hao ndio dawa ya mti huu. Nashangaa sioni hata mmoja.

Kinyozi akawa anapangusa mikono isiyo na kitu.

— Na wakiwa wamebaki kwenye tawi moja tu? nikauliza.

— Tawi moja linatosha kuanzia. Nitawaambia wasiukate kwanza. Ila lisiguswe.

Akaenda zake. Sote watatu tukainua macho kwenye tawi la kileleni, lile lililokuwa likimshinda Shangazi kwa urefu. Breki akashusha pumzi ndefu. Mimi nikanywa kahawa yangu, na mara hii ikashuka.

Shangazi akarudi, vikombe vinachuruzika maji.

— Nani yule aliyekuwa hapa?

— Mtu wa miti, nikamjibu.

— Mngemkalisha kidogo, nikampa kahawa. Amesema nini? Maana hata lile tawi la juu nimelimaliza leo. Nimesimama kwenye ngazi, namwambia mume wangu nishike nisianguke. Hakuna cheusi hata kimoja kilichobaki. Amesema mti utapona?

Kinyozi akamtazama Breki. Breki akanitazama mimi. Shangazi akainamisha birika juu ya kikombe changu, likatoa machicha tu, naye akabaki amelishika vile vile, anatusubiri.