Daftari la Marehemu Walio Hai

Ndugu waombolezaji, ukoo umenipa kazi ya kusoma historia ya kaka yangu, mliyemzoea kwa jina la Bwana Muhuri, na naomba mnivumilie, maana mimi ni mtu wa kushuku, na hata huyu niliyemzika moyoni kabla ya leo nilimzika kwa kumshuku.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, na sekondari hadi 1979, ambako walimu walilalamika kwamba kila insha yake, hata ya mvua, iliishia kwenye nyota. Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa kuwa karani wa vizazi na vifo, dirisha namba tatu, akakaa hapo hadi alipostaafu mwaka 2021. Tarehe 20 Desemba 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji, aliyekaa hapa mbele, na hawakujaliwa watoto.

Sasa nifike panaponikaba. Kila alipoandikisha mtoto aliyempendeza, kaka alirudi nyumbani akamwandikia historia ya marehemu kama hii, yenye tarehe za mbele, kwamba huyu alizaliwa juzi, akasoma, akagundua betri isiyochakaa, akafariki mwaka 2097 akiwa amezungukwa na vitukuu. Shemeji anasema ndiyo namna pekee ya kuandika aliyoizoea, basi akaitumia kuwatakia watu mema. Mimi nilijua tu kwamba ana daftari analificha, machale yakanicheza, nikadhani anaghushi vyeti. Tarehe 11 Machi 2018 nilimvizia akiwa anaoga, nikalifungua, nikakuta jina la binti yangu wa miaka tisa, na mbele yake neno marehemu. Sikusoma mstari wa pili. Niliona uchawi mtupu, nikampiga marufuku kukanyaga kwangu, na marufuku hiyo ilidumu karibu miaka saba.

Desemba 2024 kaka aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Binti yangu akaanza kuchelewa kutoka shule, nikashuku kuna mvulana, nikamfuata kwa miguu hadi wodi namba nne, nikamkuta anamsomea baba yake mkubwa, kutoka kwenye lile daftari, historia ya kifo cha binti mwenyewe, wote wawili wanacheka, binti akibisha kwamba maharage hayawezi kuota mwezini kirahisi hivyo. Nilisimama mlangoni nikitafuta hila, sikuiona, na bado sikuingia, jambo linaloniuma sana. Kaka alifariki siku tatu baadaye, tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi hiyo, majirani waliotupikia, na makarani wenzake, ingawa yupo mmoja aliyeulizia daftari mara mbili, naye ajue litabaki kwetu.

Jana niliusoma ukurasa wa binti yangu hadi mwisho. Aliishi miaka tisini na mitatu, akalima maharage mwezini, na siku ya kuondoka kwenda huko, baba yake, mzee asiyeamini mtu, alikagua kila parafujo ya chombo cha anga kisha akamwachia aende. Fomu yake ya kuchagua masomo ya sayansi, niliyoikalia tangu Januari, nimeisaini leo asubuhi.

Pumzika kwa amani, kaka, parafujo niachie mimi.