Mama Glavu wa Chumba cha Watoto wa Tumbili

Karibuni tena, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetutoka Jumanne asubuhi akiwa na miaka sitini na saba. Wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu: Mama Glavu. Alikuwa muuguzi. Narudia, alikuwa muuguzi, miaka thelathini na sita katika wodi ya watoto wachanga. Akastaafu. Akakaa nyumbani miezi minne, akachoka.

"Alikuwa anapanga masufuria kwa ukubwa, anayapangua, anayapanga tena," anasema binti yake, fundi cherehani. "Nikamwambia, mama, utanitia wazimu. Tafuta kazi, hata ya bure."

Akaipata ya bure. Nje kidogo ya mji kulikuwa na kituo cha kuokoa wanyamapori, na kituo kilitafuta watu wa kujitolea. Alifika na aproni yake mwenyewe. Wakamwonyesha chumba cha watoto wa tumbili: vizimba kumi na viwili, beseni moja la kuoshea chupa, mizani ya jikoni, na harufu ya maziwa yaliyochacha iliyochanganyika na mkojo. Mama akashika kiuno. Akauliza, "Chumba hiki cha nani?" Kila mmoja akamwonyesha mwenzake. "Basi ni changu," akasema, akaomba ndoo.

Kila baada ya miezi mitatu lilikuja kundi jipya. Wanafunzi wa vyuo waliokuja kwa mafunzo ya vitendo, na watu wazima waliokuja likizo, kila mmoja na simu yake mkononi. Yeye ndiye aliyewapokea mlangoni, na neno la kwanza walilolisikia kwake lilikuwa hilo hilo: "Glavu!"

Mmoja wa wanafunzi hao leo ni daktari wa mifugo. Anakumbuka hivi: "Nilitaka kumbusu tumbili mchanga. Akanivuta kola. Akasema, 'Mwanangu, huyo si mwanasesere, na wewe si mama yake. Mpe maziwa, mpime, andika, ondoka. Na kinyesi chake kitazame kuliko unavyoutazama uso wake. Kinasema mengi.'"

Watoto hao, wasikilizaji, walikuwa yatima. Ndivyo alivyoambiwa. Meneja wa kituo, mtu mcheshi wa mashati yaliyopigwa pasi, alikuwa na maelezo kwa kila mmoja. Huyu mama yake aligongwa na gari. Huyu mama yake aliumwa na mbwa. Mama Glavu aliamini, na aliipenda kazi ile kupita kiasi. Hata akakubali kupigwa picha amempakata tumbili mchanga, akicheka, na picha hiyo ikachorwa kwenye bango kubwa la getini: Njoo ujitolee, uwe mama kwa asiye na mama.

Mwaka wa tatu ndipo mambo yalipogeuka. Kama uko mezani, msikilizaji, weka kijiko chini kidogo.

Asubuhi moja aliletewa mtoto wa tumbili wa siku kama kumi. Alikuwa mnene, msafi, hana hata mkwaruzo. Alikuwa amekunja ngumi na hataki kuzifungua. Mama akazifungua polepole, kidole kimoja kimoja, kama alivyofanya kwa maelfu ya watoto wodini. Ndani ya ngumi mlikuwa na manyoya. Manyoya ya tumbili mkubwa, yameng'oka na vipande vya ngozi, na damu yake bado mbichi.

Muuguzi ni muuguzi. Aliyatia kwenye bahasha, akaandika tarehe. Wiki iliyofuata akaja mwingine, na manyoya mengine. Akaja wa tatu. Bahasha tatu. Na kundi jipya la watu wa kujitolea lilikuwa linawasili Jumatatu.

Akamwendea dereva wa kituo, aliyekuwa anaosha pikapu nyuma ya stoo.

"Baba, niambie ukweli. Hawa unawatoa wapi?"

Dereva aliendelea kusugua tairi lililokwisha kung'aa. Kisha akasema bila kuinua uso, "Msituni, mama. Natega wavu. Bosi alisema wageni wanakuja na chumba kiko kitupu."

"Na mama zao?"

"Mama mtu haachii. Ukivuta mtoto, naye anavuta. Inabidi kumpiga rungu mpaka aachie."

Mama Glavu alitapika pale pale, kwenye mfereji wa maji ya sabuni. Mwanamke aliyeshika kila aina ya uchafu wa binadamu bila kukunja uso, alitapika. Baadaye alimwambia binti yake kwamba hakutapika kwa sababu ya rungu peke yake. Alitapika kwa kujichukia mwenyewe. "Miaka mitatu nawapakata," alisema. "Miaka mitatu najiona mtu mwema."

Alinawa uso, akaenda moja kwa moja kwa meneja. Meneja hakukana. Hilo ndilo lililomchefua zaidi. Alimvutia kiti, akamwagizia chai.

"Mama yangu, tuongee kama watu wazima," alisema. "Kijana wa kujitolea hapandi ndege aje kusugua vizimba. Anakuja kubeba mtoto. Hakuna mtoto, hakuna wageni. Hakuna wageni, yule fisi wetu wa miguu mitatu kule nyuma atakula nini? Tunawatoa wachache, tunawaokoa wengi."

"Unasema unawaokoa?"

"Kunywa chai, mama."

"Chai yako inanuka," akamwambia, akatoka. Meneja akapiga simu getini kwamba kuanzia siku ile bibi huyo asiruhusiwe kuingia.

Lakini kabla ya kufika getini alipita kwenye ukumbi wa chakula. Walikuwamo wanafunzi kumi na mmoja wa kundi lililokuwa linamaliza. Aliwaambia yote, amesimama, bila kumung'unya maneno. Wengine walilia. Mmoja alisukuma sahani mbali. Na mmoja, wasikilizaji wapendwa, aliinua mkono akauliza, "Sasa vyeti vyetu tutapata?"

Mama akamgeukia. "Utapata, mwanangu," akasema. "Kitundike mahali utakapokiona kila siku."

Siku hiyo hiyo alipeleka bahasha zake kwa maofisa wa wanyamapori. Walimkalisha kwenye benchi mpaka jioni, wakadhani bibi ameleta nywele za mganga. Alipozifungua mezani na kueleza tarehe moja baada ya nyingine, kicheko kikakatika. Kesho yake walikwenda naye. Dereva alisema kila kitu. Daktari wetu wa mifugo, wakati huo mwanafunzi, akatoa picha alizopiga za wavu ndani ya stoo.

Na ilikuwaje? Ningependa kuwaambia kwamba haki ilitendeka. Dereva alifungwa miezi minane. Meneja alipewa onyo kwa barua na akahamia kwingine, na nasikia leo anatoa mihadhara juu ya huruma kwa wanyama. Ndiyo, mmenisikia vizuri. Huruma kwa wanyama.

Uongozi mpya ulimwomba Mama Glavu arudi. Alirudi kwa sharti moja: asiwepo mgeni atakayembeba mtoto wa mnyama tena, awe nani, atoke wapi. Watu wa kujitolea wakapungua mpaka wakabaki wanne. Wanne hao wakasugua vizimba. Kati ya watoto saba waliokutwa chumbani, wanne walikubaliwa na kundi la tumbili msituni. Watatu walikataliwa, na Mama aliwatunza mpaka mapafu yake yaliposhindwa, mwaka huu.

Siku aliporudi kazini alimwita mdogo wake, mchoraji wa mabango, yule yule aliyechora bango la getini. Mdogo wake anasimulia: "Nimechora watu wengi maishani. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunishikia ngazi nimfute. Nilipofika kwenye uso nikasita. Akapiga kelele kutoka chini, 'Endelea, na meno hayo yafute!'"

Wasikilizaji wapendwa, jana studio hii ilipokea ujumbe wa rambirambi kutoka kwa yule meneja. Ni mrefu, na umeandikwa vizuri. Anaomba usomwe hewani. Tulimpigia binti wa marehemu kumuuliza. Tulisikia cherehani ikisimama. Akauliza kama ndani ya ujumbe huo kuna mahali anapomtaja dereva, au wale tumbili. Tukamwambia hapana. Cherehani ikaanza tena.

Hatuusomi.

Kwa binti, kwa mdogo wa marehemu, na kwa wajukuu watatu: poleni sana. Kwa wale wanne waliobaki kusugua, poleni na asanteni. Na kwa wewe unayejiandaa kwenda kujitolea mahali fulani, ukaletewa mtoto wa mnyama mikononi huku simu ziko tayari, usicheke kwanza. Uliza mama yake yuko wapi, kisha usiondoke mpaka ujibiwe.