Jirani wa Kulia, Jirani wa Kushoto

Benchi letu alilitengeneza Msumari, fundi seremala, enzi hizo mtaa huu wa bondeni ukiwa na watu. Ni benchi la watu wanane. Siku hizi tunalikalia wanne, na kwa ubishi wetu kila mtu bado anakaa pale pale pake pa zamani, kwa hiyo kati yetu kuna mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba. Mimi ndiye muuza kahawa. Nasukuma mkokoteni kutoka mbali, namimina, nasikiliza upuuzi, jioni narudi kwangu. Tangu mto ulipofurika, serikali inawahamishia watu mlimani kwa mpango wa mabadiliko ya tabianchi, kila kaya na kiwanja chake, na kila aliyehama nyumba yake inabomolewa. Imebaki moja tu, ya Msumari, mgane asiye na mtoto. Asubuhi hiyo alikuwa na fomu ya kiwanja mfukoni, na ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokelewa fomu. Hakuna aliyemuuliza habari zake. Tulikuwa na mambo makubwa.

— Mpango wa hovyo kabisa, alianza Waziri.

Huyu ni fundi cherehani. Uwaziri tumempa sisi kwa sababu ya tai. Alihamishwa mwezi wa tatu, lakini kila asubuhi anapanda gari mbili kuja kunywa kahawa hapa.

— Hewa wamechafua wenye viwanda, tunahama sisi! Wao ndio wagharamie. Aliyekula nyama ndiye aoshe sufuria.

— Wangejenga ukuta wa mto tu, yaishe, nikasema.

— Wahenga walishalimaliza hilo, alidakia Profesa, mlinzi wa shule, msomaji wa magazeti ya kufungia vitu. — Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa si tunautaka ukuta? Basi ufa usizibwe!

— Profesa, kunywa kahawa.

— Nakunywa huku nafikiri. Sikilizeni. Moshi ugawiwe duniani kote, kila mtu fungu lake. Mimi sina gari, sina kiwanda, jiko lenyewe la shule. Moshi wangu wote upo, sijaugusa! Tajiri aliyemaliza wake aje aununue.

— Na sigara zako?

— Hizo nitazikata.

— Utaacha kuvuta?

— Nitazikata kwenye hesabu, bwana wewe.

— Sasa tajiri akishanunua moshi wako si ataendelea kufukiza? Na mto si utapanda vile vile?

— Atafukiza kwa gharama. Ikimuuma, atapunguza. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo haba na haba ndiyo iliyojaza maji nyumbani kwangu! alifoka Waziri. — Mimi nasema mto wenyewe ulipe kodi. Umekaa chumbani kwangu wiki mbili, umelalia godoro langu, bila mkataba!

— Utalipa kwa kitu gani?

— Kwa mchanga!

Tulicheka. Msumari naye alicheka, ila alichelewa, kama mtu aliyeitwa akiwa chumba kingine.

— Zamani ningeuliza ukutani, alisema.

Tulijua anasema nini. Nyumba yake ilitumia ukuta mmoja na ya jirani yake, mwenye mashine ya kusaga. Kila alfajiri Msumari aligonga mara mbili: nimeamka. Jirani akajibu mara moja: nami pia. Miaka kumi na tisa. Sasa jirani yuko juu kabisa mlimani, na upande wa pili wa ukuta ni kifusi.

— Lakini wewe mwenyewe si ulikataa kupanda gari na wenzako? alisema Waziri.

— Nilikataa. Mke wangu alifia chumba kile. Niliona nikitoka ndiyo nimemwacha peke yake.

Profesa alimsogezea kikombe chake cha kahawa. 

Ndipo akaja dada wa ofisi ya uhamisho, buti zimejaa tope, faili kwapani.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, nimefuata fomu yako.

Msumari aliitoa, imekunjwa mara nne. Dada akaikunjua juu ya benchi, kwenye pengo mojawapo.

— Mbona hapa hujajaza? Jirani wa kulia, jirani wa kushoto. Lazima wathibitishe kwamba unaishi hapa. Watu baki walikuwa wanakuja kujichukulia viwanja.

— Majirani wamehama, mwanangu. Mmewahamisha ninyi.

— Waliohama hawahesabiki tena huku, baba.

— Niandike mimi! alisema Waziri.

— Unaishi wapi?

— Mlimani, akajibu, na sauti ikamshuka.

— Basi mimi, alisema Profesa. — Usiku nalala shuleni, lakini mchana kutwa...

 Dada akanigeukia mimi. Nami nikaugeukia mkokoteni wangu.

Hakuwa mtu mbaya yule dada. Alifunika kalamu, akakaa kwenye pengo, karibu na Msumari.

— Baba, hebu tuiache fomu kwanza. Hivi ukizidiwa usiku, unamgongea nani?

Waziri, mwenye majibu ya dunia nzima, alirekebisha tai yake. Profesa alikunja gazeti, akalikunjua, akalikunja tena. Mimi nikainamisha birika nimmiminie mgeni, yakatoka mashapo matupu. Msumari alinyoosha mkono, akagonga benchi mara mbili, taratibu, kisha akasubiri.

Kikombe kitupu nilikuwa nacho mkononi. Kugonga birika mara moja tu kungetosha. Nikaona haya, mtu mzima mimi, mbele ya mgeni. Sikugonga.