Nakala Iliyobaki Kisarawe

Asalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Mwenyekiti ameniomba nisimame, na nimemkwepa kwa muda mrefu. Leo nasimama. Sitataja jina la mtu, na nikilia mnivumilie.

Mimi ni mtunza kompyuta katika kiwanda kimoja huku Zegereni. Mfanyakazi akiondoka, barua pepe zake hatuzifuti. Nazihifadhi kwenye seva, yaani ile kompyuta kubwa ya ofisi, na nakala nyingine naiweka kwenye diski. Sasa ndugu zangu, hiyo diski ilikuwa imechomekwa palepale kando ya seva, saa zote. Niliona ndiyo unadhifu wa kazi.

Ikatokea dereva wa foklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo, akapondwa mguu. Akasema breki zilikuwa mbovu, na msimamizi wake alishaiandikia ofisi kabla ya ajali. Msimamizi huyo alikuwa amestaafu, kisha akafariki, Mungu amrehemu. Ushahidi uliobaki ni barua pepe yake, na mtunzaji ni mimi. Kabla sijaitoa, umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza seva na diski kwa pamoja.

Nawaambia, maneno yanaumiza. Wenzangu wakasema nimenunuliwa na wakubwa. Wakubwa nao wakanisimamisha kazi kwa uzembe. Nikakutana na mke wa yule dereva sokoni Mlandizi, nikamwambia, "Dada, mgonjwa anaendeleaje?" Akaniangalia, akapita. Sikumlaumu, ila niliumia mno.

Nikarudi kwa mama, Masaki ya Kisarawe. Nikazima simu. Chakula hakipiti, naswali moyo uko mbali. Mama hakunihoji. Asubuhi moja akaniambia, "Nguruwe pori wamemaliza mihogo yetu. Nenda Chole kwa mjomba wako ukaniletee mbegu."

"Mbegu zetu ziko kwa mjomba?"

"We, umesahau? Kila mwaka napanda matuta kidogo kwake. Nguruwe wakila huku, kule kunabaki."

Wakati wa kurudi, niko juu ya bodaboda na vijiti vya mihogo vimefungwa nyuma yangu, nikakumbuka. Diski yetu ya zamani! Ilianza kugoma kufunguka, nikaletewa mpya, ile nikaipeleka kwenye ghala la kampuni pale Kisarawe mjini, nikaihesabu imekufa. Mtaniuliza niliisahauje. Huzuni inakula akili, jamani. Na barua za msimamizi nilizinakili kabla sijabadilisha diski.

Nikawasha simu. Sikutaka kuigusa diski ile mwenyewe. Niliomba ifunguliwe mbele ya uongozi, na dereva awepo. Aliingia na magongo, mkewe nyuma yake. Fundi akachomeka. Ikagoma. Akachomeka tena, ikagoma. Nikamsikia yule dada akisema taratibu, "Ya Rabi, ifunguke." Nami nilikuwa naomba hivyohivyo.

Ikafunguka. Barua ilikuwemo, na habari ya breki imeandikwa waziwazi.

Dereva alipata haki yake, nami nikarudishwa kazini. Mguu wake haukurudi kuwa kama zamani, na hilo linaniuma mpaka leo. Sasa nakala moja inakaa Kisarawe muda wote, na huwa naenda kuifungua nione kama bado inasoma. Nanyi nawaomba, vyeti vya watoto, hati za viwanja, msiviweke vyote chini ya godoro moja. Na nakala ambayo hujawahi kuifungua, usiitegemee.

Namshukuru mtunza ghala ambaye hakuitupa ile diski. Namshukuru yule dada. Yumo humu ndani, ndiye aliyenishika mkono akanileta kwenye kikundi hiki.

Na namshukuru mama yangu. Yeye hajui seva ni nini, wala diski. Jioni ya siku ile diski ilipofunguka nilimpigia simu, akaniuliza, "Haya, hizo barua zako zimeota?"

Nikamwambia, "Zimeota, mama."