Hariri ya Maximilla

Kijiwe cha Dadi muuza kahawa kiko barazani kwa mafundi cherehani, soko la Kasulu, na mguu mmoja wa benchi lake ni tofali. Asubuhi moja ya mwaka 2013 Bazilio alikaa pale na mfuko magotini kama aliyepakata mtoto. Ndani mlikuwa na hariri ya marehemu mkewe Maximilla, vazi la heshima la kwao, lile la kufunga begani. Binti yao Jeanne alikuwa anaolewa Jumamosi, na Saady, fundi waliyemwita Mkasi, angeikata iwe gauni. Bazilio hakuwa na raha. Akaikunjua: huku inang'aa kijani, ukiigeuza dhahabu.

— Mbona ina vinundu? akauliza Hamis Utingo, aliyezeekea kwenye malori. Hii ililoa njiani, Mzee Bazi. Ulipigwa!

— Acha ushamba, akasema Mkasi. Ya vinundu ndiyo yenyewe. Hailali mwilini, inasimama. Gauni linakaa kama kengele. Ila ukikosea kukata tu, inafumuka, hairudi.

— Vinundu ni dawa, akadakia Tamimu Redio. Nilisikia redioni. Wanatia ili mke asikimbie.

— Redio yako betri zimekwisha! akasema Utingo.

— Haya, sikieni ya kweli, akasema Mkasi. Kiwavi wa hariri akijifungia kijumba chake peke yake, anatoa uzi laini. Wakiingia wawili kijumba kimoja, nyuzi zinashikana. Ndiyo vinundu hivyo.

— Viwavi wamefunga ndoa! Mahari alipokea nani? akauliza Utingo.

Benchi likatikisika kwa kicheko. Bazilio hakucheka. Alikuwa anapapasa kinundu kimoja kwa kidole gumba, mawazo yako kanisani Muyama: ameinamisha kichwa anasali, mara chakacha, chakacha ya hariri, anajua Maximilla anapita kwenda kukomunika. Mungu amsamehe, kila mara aliikatiza sala, akafungua jicho amtazame uso.

— Nikate, mzee?

— Ego, kata, akaitikia Bazilio kwa Kiha. Lakini mikono haikuachia.

Hapo Jeanne akafika, anahema, kanga kiunoni.

— Shikamooni. Fundi, usikate kwanza. Nimebadili mawazo, nataka niivae hivi hivi, kama mama. Baba, alikuwa anaifunga bega lipi?

Redio akamtazama Mkasi. Mkasi akautazama mkasi wake. Bazilio akapeleka mkono bega la kulia, akauhamishia la kushoto, ukaishia katikati, kifuani. Chakacha aliisikia vizuri kabisa. Uso aliuona. Bega hakuliona.

— Dadi, niongeze kahawa.

Dadi akainamisha birika.

— Imeisha, mzee.