Bi. Wanza na Sindano Isiyo na Dawa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kunyoosha migongo, magoti na shingo za wakazi wa Makongeni na mitaa jirani, Bi. Wanza Nzuki anastaafu tarehe 30 Juni 1998.

Aliingia katika zahanati yetu akiwa msaidizi, akasomea tiba ya viungo huku akilea watoto. Wagonjwa wake wengi walikuwa wafanyakazi wa reli wenye viuno vilivyochoka. Mgonjwa aliyevua shati kabla ya kusalimiana naye alitakiwa kulivaa tena, kwanza wajuliane hali.

Mwaka 1993 alijifunza kutibu maumivu ya taya kwa sindano kavu, yaani sindano nyembamba isiyo na dawa, inayochomwa penye fundo ili msuli ulegee. Lakini mitaani kwetu sindano bila dawa huonekana utapeli, na taya likiuma watu hung'oa jino.

Bi. Apondi, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa amekwisha kung'olewa magego mawili, na maumivu yalikuwa palepale. La tatu lilikuwa ling'olewe Ijumaa. Kinywa chake hakikupitisha tonge la ugali, wala hakuweza tena kuita wateja. Bi. Wanza alimbonyeza shavu, akakuta msuli umekaza kama kamba. Alipoitoa sindano yake, Bi. Apondi aliinuka.

"Sista," alisema, "mimi siuzii mtu gorogoro tupu, kopo lisilo na omena ndani."

Bi. Wanza alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, akamwomba mwenzake, Bw. Andati, amchome yeye shavuni. Andati aliuliza mara mbili kama ana hakika, kisha akachoma. Bi. Apondi alitazama mpaka mwisho, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, kisha akakaa.

Sindano peke yake haikutosha. Bi. Wanza alimkanda kwa kitambaa cha moto, akamfundisha kufungua kinywa polepole, ulimi ukigusa kaakaa. Ijumaa ilipita bila jino kung'olewa. Baada ya majuma kadhaa sauti ya Bi. Apondi ilitufikia kutoka sokoni, nasi hatukulalamika.

Mwezi uliopita Bi. Apondi alikuja akiwa na huzuni, akauliza ni nani sasa atakayemshika shavu. Bi. Wanza aliuchukua mkono wa mgonjwa huyo mwenyewe, akauweka penye msuli wa shavu, akaushikilia hapo hadi ulipopajua mahali.

Ahsante, Bi. Wanza. Tunakuombea huko shambani Kangundo uendako afya njema, mvua ya kutosha na mapumziko uliyoyastahili.